Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja

Joto la Desemba likishaanza kuiva Dar es Salaam, mafundi viyoyozi hupigiwa simu za namna moja: "Fundi, njoo uongeze gesi, AC haipoozi." Fundi anakuja, anajaza, chumba kinapoa, analipwa. Baada ya miezi michache wanaitana tena. Nimechoka kuona watu wakilipia huduma hii kila mwaka, kwa sababu gesi ya kiyoyozi si mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha.

Inazunguka tu. Ndani ya chumba inachemkia kwenye koili na kufyonza joto la hewa. Kompresa inaibana na kuisukuma hadi kwenye boksi la nje, ambako inatoa lile joto na kurudi kuwa kimiminika. Kiyoyozi kilichofungwa vizuri kinaweza kumaliza umri wake kwa gesi ileile kilichotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu.

Na mara nyingi hata haijapungua. Filta ikiziba vumbi, hewa haipiti vya kutosha, koili inashuka chini ya nyuzi 0 na unyevu unagandia juu yake. Upungufu wa gesi nao huleta barafu, kwa hiyo kutazama kwa macho hakutoshi. Safisha filta na koili, kagua feni, acha barafu iyeyuke, ndipo ufunge geji.

Tundu lenyewe hutafutwa kwa nitrojeni kavu. Kamwe si oksijeni: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha, inalipuka na kuua. Mabomba yakishajaa presha, paka povu la sabuni kwenye nati, kisha subiri. Uvujaji mkubwa hufurisha povu papo hapo. Ule mdogo hutoa vipovu vyeupe vinavyojikusanya taratibu upande mmoja wa nati, na fundi mwenye haraka huwa ameshafunga mkoba wake. Aghalabu kasoro ni mdomo wa bomba la shaba uliopanuliwa vibaya, au nati iliyokazwa kupita kiasi hadi shaba ikapasuka.

Pwani kuna chumvi pia. Kwenye boksi la nje linalotazama bahari, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, mapezi ya alumini huliwa yakabaki unga mweupe. Kulisuuza mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi ni kazi ndogo inayookoa mashine nzima.

Tundu likishazibwa, hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu ya vakyumu. Hatua hii hurukwa sana, na hasara yake huchelewa kuonekana: unyevu uliobaki huzaa asidi ndani ya mafuta, na asidi hiyo hula waya za mota ya kompresa. Halafu gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na iwe ya aina ileile. R32 inaweza kuwaka moto. Haina nafasi kwenye mashine iliyotengenezwa kwa R410A.

Kuna na dunia tunayoipasha joto. Kilo moja ya R410A ikiachiwa hewani, athari yake kwa miaka 100 inalingana na takriban kilo 2,000 za kaboni dioksidi. R22 ya mashine za zamani inaharibu pia tabaka la ozoni. Mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikairekebisha Itifaki ya Montreal ya 1987 ili gesi za kundi la R410A zipunguzwe. Fundi anayefungua vali na kuitoa gesi hewani badala ya kuikusanya kwenye mtungi anaivunja kazi hiyo kwa mkono wake.

Kwa mameneja wa majengo, daftari linasaidia kuliko kauli ya fundi yeyote, mimi nikiwemo. Andika kila mashine imeongezwa gramu ngapi na lini. Ile ya ghorofa ya tatu iliyojazwa mara mbili mwaka huu isijazwe tena mpaka fundi akuonyeshe povu linafuria wapi.