Kubernetes Garissa: Stima Ikirudi, Klasta Itaamka?

Uko Garissa na lapi tatu za zamani, betri zishakufa, na unataka kujifunza Kubernetes bila kulipia klaudi? Weka Linux, alafu kubeadm. Ile ya kuongoza zingine inataka CPU 2 na RAM GB 2. Anza na `kubeadm config images pull` ukiwa bado na bando. Kisha `kubeadm init`, unaweka netiwaki ya podi, zingine zinaingia na `kubeadm join`. Tokeni ya kuingia hukufa baada ya saa 24. Mpya ni `kubeadm token create --print-join-command`.

Hiyo ni rahisi. Noma ni blakauti, na usiniambie ati tuko na solar ya megawati 50 tangu 2019. Stima ikirudi, swap (ile diski inajifanya RAM) inarudi nayo, kubelet inagoma. `swapoff -a` haitoshi, itoe pia kwa /etc/fstab. Mbaya zaidi ni IP. Vyeti vya klasta huandikwa IP ya siku ya init, so rauta ikiwaka na kukupea ingine, umekwama msee. Ifunge kwa rauta kabla hujapiga init.