Si kila mteja wa kupokewa

WAHENGA walisema mwenye njaa hana miiko. Msemo huu una ukweli mchungu, na anayeufahamu vyema ni kijana aliyemaliza chuo, akakosa kazi ya mshahara, akaamua kujitegemea kwa ujuzi wake.

Tuseme, msomaji, kijana huyo ni mwanao. Alisomea kompyuta mjini Eldoret, kisha akarudi nyumbani Sugoi, upande wa Turbo katika kaunti ya Uasin Gishu. Majirani wanategemea mahindi na ng'ombe wa maziwa. Yeye shamba lake ni kompyuta. Huwatengenezea watu tovuti: leo shule, kesho hoteli, keshokutwa mwenye duka la dawa za mifugo. Malipo huingia kwa simu, wala hana haja ya kwenda Nairobi kubisha milango ya ofisi.

Siku moja anapigiwa simu na mteja asiyemjua. Anataka tovuti ya shirika la kuwapeleka vijana ng'ambo kusoma na kufanya kazi. Ziwekwe picha za theluji, nembo za vyuo vikuu vya Canada, na mahali pa wazazi kujaza majina na nambari za vitambulisho kabla ya kulipa ada ya usajili. Anwani ya ofisi je? "Hiyo tutaiweka baadaye." Na leseni? "Inashughulikiwa." Lakini malipo ni mara tatu ya bei ya kawaida, na nusu yake iko tayari kutumwa jioni hiyo hiyo.

Je, akubali?

Wengi wetu hudhani kwamba taabu ya mchora tovuti ni kupata wateja. Naam, hiyo ni taabu. Lakini iliyo nzito zaidi ni kuwachagua, kwa sababu anayelipa ni mmoja na watakaoumia, kama kuna kuumia, ni wengine ambao kijana huyo hatawaona kamwe.

Wazazi wa Uasin Gishu hawahitaji kufundishwa uchungu huo. Mwaka 2023 waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti. Maafisa kadhaa walishtakiwa, nao wakakanusha mashtaka. Mpango huo ulikuwa wa serikali ya kaunti, wala haukuwa kisa cha tovuti bandia. Hata hivyo, ulituonyesha jinsi mzazi alivyo tayari kutoa alichonacho mtoto wake akiahidiwa masomo ng'ambo. Tapeli naye anajua hivyo.

Fundi wa suti

Hapa ndipo utakaposikia utetezi wa kwanza: "Mimi ni fundi tu. Nachora ninachoagizwa."

Hebu tuutazame utetezi huu. Tovuti nzuri ni kama suti. Mtu aliyevaa vizuri hukaribishwa sebuleni kabla hajaulizwa jina. Fundi cherehani hawezi kulaumiwa kwa kila jambo litakalotendwa na mwenye suti. Lakini akiletewa kitambaa ashone sare ya polisi, na mteja mwenyewe si polisi, hawezi tena kusema kwamba yeye ni fundi tu. Anajua sare hiyo itatumika kufanya nini.

Sheria ya Kenya nayo haimwachi fundi nje. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inamtaja anayetengeneza au kuendesha tovuti ya kuwahadaa watu watoe habari zao za siri. Angalia neno hilo, "kutengeneza". Halimhusu mwenye biashara peke yake.

Si utapeli wa fedha pekee unaopaswa kuangaliwa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, ilizuka tovuti iliyojiita The Real Raila pamoja na filamu fupi ya kutisha, iliyoonyesha Kenya ya mwaka 2020 ikiwa imezama katika fujo, njaa na maradhi endapo Raila Odinga angeshinda. Tovuti hiyo haikumtaja mwenyewe. Desemba mwaka huo, shirika la Privacy International la Uingereza lilieleza kwamba iliyoiunda ni Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani. Walioichora walikuwa mbali na moto ambao ungeweza kuwaka.

Sisi hatukuwa mbali. Hapo Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, kanisa lilichomwa Januari 1, 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo kujiokoa, wakiwemo wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile. Jumbe za simu na baadhi ya matangazo ya redio yalikuwa yamechochea chuki. Kijana wa Sugoi anayeombwa kuchora ukurasa wa kulitukana kabila jirani ana sababu ya kukataa ambayo mtu wa Texas hakuwa nayo: jirani huyo anamjua kwa jina.

Wateja wema pia

Usidhani, msomaji, kwamba hatari huja na wateja waovu tu. Mwalimu mkuu mwema aweza kukuagiza ujaze tovuti ya shule picha za wanafunzi wadogo, bila wazazi kuulizwa. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hapa mteja si wa kukataliwa. Ni wa kuelimishwa. Mwambie atafute idhini kwanza, nawe umngojee.

Kuna wengine walio katikati, kama kampuni za kamari zenye leseni. Sheria inaziruhusu, lakini wewe umeona mwenzako akiweka karo yake yote katika mchezo na kuipoteza. Hapa hakuna atakayekuamulia. Ukikataa, usimdharau aliyekubali, na ukikubali, usijifanye hukujua.

Jinsi ya kupima

Basi mteja hupimwa vipi? Maswali matatu yatakusaidia.

Kwanza, yu tayari jina lake liandikwe kwenye tovuti? Mwenye biashara halali hupenda kujulikana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni iliyosajiliwa yaweza kuthibitishwa kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, na mashirika ya kupeleka watu kazini ng'ambo sharti yasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Pili, anataka kufanana na nani? Majina ya tovuti za Kenya yana utaratibu wake: yanayoishia .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ni ya vyuo, .sc.ke ni ya shule. Anayekuomba jina linalokaribia kuwa la benki au wizara fulani, ila herufi moja tu imepotoshwa, amekwisha kukueleza nia yake.

Tatu, je, ungemwonyesha mama yako tovuti hiyo na kumwambia ajaze habari zake na kulipa? Ukisita, umepata jibu.

Maswali haya yaulizwe kabla ya kupokea arubuni. Fedha zikishaingia na kununua unga, ni vigumu sana kuzirudisha, na mteja wa aina hii analijua hilo. Ndiyo maana ana haraka ya kutuma. Hali kadhalika, andika katika mapatano kwamba waweza kuacha kazi ukigundua umedanganywa. Na unapokataa, huhitaji kuhubiri. Sema tu, "Asante kwa kunikumbuka, lakini kazi hii sitaiweza," na umalizie hapo.

Utetezi wa pili utasikika: "Nikikataa mimi, mwingine ataifanya." Huenda ni kweli. Yamkini tovuti itachorwa Nairobi au Mumbai, nawe utabaki bila kitu. Lakini utabaki na jina lako, na Sugoi si mahali pa mtu kujificha. Mwenye hoteli aliyekupa kazi jana ni binamu ya mzazi atakayetapeliwa kesho, na habari husafiri kutoka Turbo hadi Eldoret upesi kuliko matatu.

Hata hivyo, ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa. Kwa hiyo kijana na aweke miiko yake siku anapokuwa na fedha, si siku ya dhiki. Katika kila malipo mema atenge sehemu ndogo, mpaka awe na chakula na kodi ya mwezi mmoja. Akiba hiyo ndiyo itakayomwezesha kusema "la" bila kutetemeka.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Kijana anapoleta fedha nyumbani, swali letu la kwanza huwa, "Umelipwa ngapi?" Tukisikia ni nyingi, tunashangilia na kumtuma alipe karo ya mdogo wake. Ni mara chache tunamwuliza, "Umemfanyia nani kazi, na kazi gani?" Tusipouliza, twamfundisha kwamba nyumbani fedha hazina asili.

Jioni ya leo, mkishamaliza kula, mwulize swali hilo la pili. Halafu umsikilize, hata kama jibu lake litamaanisha kwamba mwezi huu mtakula sukuma wiki bila nyama.