Taharuki, Uchungu na Umama: Istilahi za Riwaya ya Kisaikolojia

Mwalimu wa fasihi au mfasiri anayetaka kuizungumzia kwa Kiswahili riwaya ya We Need to Talk About Kevin, iliyoandikwa na Mmarekani Lionel Shriver mwaka 2003, hukutana mara moja na tatizo la istilahi. Riwaya hiyo, iliyopata Tuzo ya Orange huko Uingereza mwaka 2005 na kutengenezewa filamu mwaka 2011, imetungwa kwa barua. Eva anamwandikia mumewe, Franklin, habari za mwana wao Kevin, aliyewaua wanafunzi wenzake shuleni. Anajiuliza kama kosa lilianzia kwake yeye, mama ambaye siku ya kujifungua hakuhisi ule upendo alioambiwa kuwa ungekuja wenyewe.

Tuanze na lililo jepesi. Neno taharuki limekwisha kuota mizizi katika vitabu vya shule, nasi hatuoni sababu ya kulibadili. Hata hivyo, mara nyingi hufafanuliwa kuwa ni hamu ya kujua litakalotokea, na ufafanuzi huo ni finyu. Katika riwaya hii uovu wa Kevin tunaufahamu mapema. Tusilolijua ni undani wa nafsi ya anayetusimulia, na sababu ya mumewe kutojibu. (Ambaye hajaisoma bado na airuke sentensi ifuatayo.) Franklin hajibu kwa kuwa naye aliuawa na Kevin siku ile ile, pamoja na binti yao Celia. Kwa hiyo yafaa taharuki ielezwe kuwa ni hali ya msomaji kutotulia kwa sababu amezuiliwa kujua jambo fulani, liwe limekwisha kutokea au la. Wanaosema "riwaya ya wasiwasi" wanachanganya mambo: wasiwasi ni wa mhusika, taharuki ni ya msomaji.

Kuhusu Eva mwenyewe, twapendelea kumwita msimulizi wa kutiliwa shaka kuliko msimulizi asiyeaminika. Istilahi hii ya pili humfanya mwongo, ilhali huenda anasema kweli yote aionayo.

Tatizo kubwa limo katika neno uchungu. Mwanamke anayekaribia kujifungua husemwa kuwa ameshikwa na uchungu. Kisha neno hilo hilo hutumika kwa ile hali ya kuumia moyo kwa ajili ya mtoto, na methali yasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lugha yetu imeziunganisha maana hizo mbili kana kwamba ya pili huzaliwa na ya kwanza. Eva aliupata uchungu wa kwanza. Wa pili akaungoja. Tukimweleza kuwa ni "mama asiye na uchungu na mwanawe", tumekwisha kumhukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. "Mama katili" ni hukumu iyo hiyo. "Mama mwenye kichaa" humwondolea lawama, lakini barua zake ni za mtu mwenye akili kali mno.

Ipo istilahi ya utabibu, sonona baada ya kujifungua, iliyotokana na kitenzi kusonona. Ni istilahi nzuri, na hapana budi wauguzi waieneze. Ila mhakiki asiiazime kwa kila mama wa riwayani asiye na furaha.

Twapendekeza umama wenye utata. Uzazi ni wa baba pia, na ulezi waweza kuwa wa bibi au yaya. Umama hubaki kwa mama. Utata, kama wa uzi uliotatana, hausemi ni nani aliyeutatanisha.

Jambo hili si la wahakiki peke yao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humtenga na wauaji wengine mama aliyemwua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake haijatulia kutokana na kujifungua. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya mahakama, na wakili wa mama wa namna hiyo atahitaji maneno ambayo hayajamtia mteja wake hatiani. Wasomaji wenye neno bora kuliko utata, hasa kutoka lahaja za pwani, twawaomba watuletee.