MADARAKA YA SHULE NA MFUKO WAKE

Shule za vijijini Marekani haziendeshwi na waziri aliye Washington. Mara nyingi kila wilaya ya shule ina halmashauri yake, iliyochaguliwa kwa kura za wenyeji. Mkulima na mwenye duka huketi pamoja, huajiri mkurugenzi na kuidhinisha matumizi. Penye watoto wachache, mkurugenzi huyo aweza kuwa pia mwalimu mkuu.

Twausifu utaratibu huo, kwani mwenye mtoto ndiye mwenye uchungu. Lakini sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya nyumba na ardhi. Wilaya yenye viwanda hutoza kidogo ikapata tele; wilaya ya wakulima maskini hujikamua ikapata haba.

Wilaya 66 za Kentucky, nyingi zikiwa za mashamba, ziliungana kwenda mahakamani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba mpango mzima wa shule wavunja katiba, na mwaka 1990 Bunge lake likatunga sheria mpya ya kugawa fedha kwa haki zaidi.

Kwingineko dawa imekuwa kuunganisha wilaya. Mwaka 1940 zilikuwa kama 117,000. Leo ni kama 13,000. Gharama zaweza kupungua, lakini kijiji hupoteza sauti, na mtoto husafiri mbali.

Sisi twasema: kuwapa wananchi madaraka bila fedha ni kuwakabidhi jembe lisilo mpini. Basi kila aketiye katika kamati ya shule na aulize mawili: nani aamua, na nani alipa?