Maoni ya mnunuzi wa tatu

Ukipata nafasi ya kukaa na fundi wa kompyuta mjini Arua, mwombe akuwekee mezani ThinkPad T440 na T450. Kwa nje ni kama pacha. Tofauti iko juu ya kile kibao cha kugusa kinachoongoza mshale: T440, iliyotoka mwaka 2013, haina vitufe vya kubonyeza pale, T450, iliyotoka 2015, inavyo vitatu. Lenovo iliviondoa, wenye mashine wakalalamika, hasa waliozoea kuongoza mshale kwa ile nukta nyekundu iliyo katikati ya kibodi, na baada ya miaka miwili vitufe vikarudi. Manung'uniko ya mtu aliyekaa ofisini Marekani au Ulaya yakafika huku kwetu West Nile, Uganda, ndani ya laptopu ya mtumba, miaka mingi baadaye, kupitia maghala ya Dubai na maduka ya Kampala.

Kompyuta nyingi tunazotumia Arua na Koboko zimefuata njia hiyo. Kampuni za ng'ambo huzinunua zikiwa mpya, huzitumia miaka mitatu hadi mitano, kisha huziuza kwa jumla. Mtengenezaji humsikiliza yule aliyezinunua kiwandani. Sisi ni wanunuzi wa pili au wa tatu. Pesa yetu haimfikii, na maoni yetu huishia kwenye meza ya fundi. Nasema maoni hayo yana uzito mkubwa, kwa sababu mashine ikifika kwetu imekwisha kuonja joto, vumbi, barabara na umeme usiotulia, nasi ndio tunaoona ni wapi inavunjika kwanza. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha panapohusika.

Watengenezaji wakiambiwa husikia. Februari 2007 Dell ilianzisha mpango ulioitwa IdeaStorm, ambapo mteja aliandika pendekezo na wengine wakalipigia kura. Moja ya yaliyopata kura nyingi tangu mwanzo lilikuwa kwamba kompyuta ziuzwe zikiwa na Linux. Mei mwaka huohuo Dell ikaanza kuuza nchini Marekani mashine zenye Ubuntu, toleo mojawapo la Linux. Waliopiga kura hawakumfikiria mwanafunzi wa Koboko, lakini jambo lile linamhusu sana leo: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane. T450 ina prosesa ya kizazi cha tano. Windows mpya imeiacha nje. Ubuntu inaiendesha bila shida.

Sasa tuje kwa yanayosemwa huku kwetu, na la kwanza ni umeme. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa mpaka miaka ya 2020. Tangu 2003 ilihudumiwa na kampuni yake, WENRECo, kwanza kwa jenereta kubwa ya mafuta iliyokuwa Arua, kisha kuanzia 2012 pia kwa kituo cha maji cha Nyagak, megawati 3.5, huko Zombo. Watu wengi hapa walijifunza kompyuta kwa kufuata saa za umeme. Gridi imefika, lakini umeme unaendelea kukatika na kuyumba, na vijijini sola ndiyo tegemeo.

Kukatika kwa umeme kuna madhara ya aina mbili, na watu huyachanganya. Aina ya kwanza ni kazi kupotea: kompyuta ya mezani ikizimika ghafla, barua uliyokuwa ukiichapa imekwenda. Hilo hutibiwa na UPS, au kwa kutumia laptopu yenye betri nzima. Aina ya pili huja umeme unaporudi. Volti hupanda ghafla kupita 240 za kawaida, na kifaa kilichoachwa kwenye soketi hupigwa na wimbi hilo. Chaja ya laptopu huvumilia volti 100 hadi 240 na zaidi kidogo, kwa hiyo umeme ukishuka haidhuriki. Ukipanda mno, mara nyingi chaja ndiyo hufa kwanza, na chaja hununulika. Kompyuta ya mezani na monita ambazo kigeuza umeme chake kimo ndani hazina ngao hiyo. Zikipigwa, lazima zifunguliwe.

Kwa hiyo pendekezo la kwanza ninaloliunga mkono kwa moyo wote ni dogo na la bei nafuu: monita ziwe na adapta ya nje. Zipo tayari, lakini mnunuzi haulizi. Geuza monita utazame kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa "12V DC" au "19V DC", adapta iko nje. Ikiandikwa "100-240V AC", iko ndani. Yenye volti 12 ina faida nyingine kwa mwenye sola, maana inaweza kupewa umeme karibu moja kwa moja kutoka kwenye betri. Karibu, nasema, kwa sababu betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda mpaka 14 na zaidi, na monita yahitaji kidhibiti cha volti katikati. Kifaa hicho ni kidogo na mafundi wa sola wanakifahamu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo duka la kuchapa na kutoa kopi hupata au hupoteza pesa. Betri ya sola ya volti 12 na amp-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usiitumie kupita nusu ukitaka idumu. Umebaki na 600. Kompyuta ya mezani ya wati 80 pamoja na monita ya wati 20 hula wati 100, na inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, nayo hupoteza sehemu yake, kwa hiyo baada ya saa tano hivi kazi imekwisha. Laptopu inayokula wati 20, ikichajiwa kutoka kwenye betri hiyohiyo bila kupitia inveta, hufika saa 25 na zaidi. Betri ni ileile na jua ni lilelile.

Lakini kuchaji bila inveta kunategemea tundu la chaja. Kwa miaka mingi matundu na volti vilitofautiana kati ya kampuni, na mara nyingi chaja ya kampuni moja haikuweza kumsaidia mwenye mashine ya nyingine. Kwenye Dell nyingi, ile sindano nyembamba iliyo katikati haibebi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kupeleka taarifa kwamba chaja inayotumika ni ya Dell na ina wati kadhaa. Sindano ikipinda, laptopu huwaka lakini betri haichaji, na prosesa hupunguzwa kasi. Mwenye mashine hununua betri mpya bure, kumbe tatizo ni sindano.

USB-C imelipunguza fumbo hilo. Mashine na chaja hukubaliana volti inayohitajika, 5, 9, 15 au 20, na chaja za gari zenye USB-C, zinazotumia betri za volti 12 au 24, hufanya kazi vizuri kwenye betri ya sola. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka laptopu mpya zinazouzwa huko zichajiwe kwa USB-C kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Zikifuata njia ya zile za zamani, zitatufikia kama mtumba karibu na 2030.

Hapo ndipo ninapokuwa na hofu. Tundu la USB-C kwa kawaida limelehemiwa kwenye ubao mkuu wa ndani, ambao mafundi huuita madabodi. Ni jembamba, lina vipini vingi vidogo, na kila siku waya unachomekwa na kuchomolewa, mara nyingine mtoto akiukanyaga. Likilegea, fundi asiye na mashine ya hewa moto na darubini hawezi kulibadilisha salama. Laptopu nyingi za zamani zilikuwa na tundu la chaja lililofungwa kwenye waya wake mfupi. Unafungua skurubu, unachomoa, unaweka jingine, basi. Kufanya hivyo kwa USB-C kunawezekana. Januari 2025 Dell ilitangaza laptopu za ofisi ambazo tundu la USB-C ni kipande cha kufunga kwa skurubu. Lenovo nayo ilishirikiana na iFixit, watu wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa, ikatoa mwaka 2024 T14 inayofunguka na kutengenezeka vizuri zaidi. Kama pangekuwa na jambo moja tu la kuwaambia watengenezaji kwa niaba ya West Nile, ningesema hili: tundu la chaja litoke bila moto.

Wako waliokwenda mbali zaidi. BRCK ya Nairobi ilipotengeneza Kio Kit mwaka 2015, sanduku la tableti 40 za shule, iliamua tableti zichajiwe bila waya, zikiwekwa tu ndani ya sanduku lao. Hakuna waya wa kuvutwa darasani. Uamuzi kama huo huufanya mtu anayeijua shule yenye watoto wengi na soketi moja.

Kuna betri nyingine ambayo watu hawaijui, ile bapa kama sarafu, CR2032, inayotunza saa ya kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka kumi au zaidi. Mtumiaji akifungua intaneti, kivinjari hukataa tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo vinaonekana kama bado havijaanza kutumika. Atalaumu mtandao wa simu siku nzima. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana, na kwenye laptopu nyingi imefichwa chini kabisa, ambapo lazima ufungue mashine yote kuifikia.

Vumbi nalo lina msimu wake. Kuanzia Desemba hadi Februari hewa ni kavu, na feni ya laptopu, inayovuta hewa kutoka chini, hujaza vumbi kwenye mapezi ya kupozea mpaka mashine inazima yenyewe. Wateja huomba kitu rahisi: kifuniko kidogo cha chini cha kufikia feni, na kichujio kinachosafishika kwa brashi.

Kuhusu kioo, laptopu nyingi za bei ya chini zina mwangaza wa niti 220 hadi 250. Unatosha ndani ya chumba. Barazani Koboko saa nane mchana, ambako karani amehamia kwa sababu ya joto la ndani, maandishi hayasomeki, na kioo cha kung'aa humwonyesha uso wake mwenyewe. Niti 400 na kioo kisichong'aa hubadilisha siku ya kazi. Teknolojia bora zaidi ilikwisha kuwapo: laptopu ndogo ya watoto ya OLPC, XO, iliyoanza kutengenezwa 2007 na ambayo Rwanda ilinunua kwa wingi, ilikuwa na kioo kilichosomeka juani hata taa yake ikizimwa. Kampuni kubwa hazikukichukua, na nasikitika kila ninapokifikiria.

Kibodi niseme kwa ufupi. Mashine za kutoka Ufaransa na Ubelgiji huja na mpangilio wa AZERTY. Mwanafunzi wa Arua hupotea nao, ilhali mteja aliyevuka kutoka Kongo upande wa Vurra huutafuta. Na anayeandika Kilugbara hutumia alama ya juu mbele ya b, d au y. Programu za uandishi huigeuza kuwa alama ya kufungua nukuu, ikikunja upande usiofaa.

Nani basi apeleke haya yote? Huku kwetu wapo wanunuzi wa kwanza, ila hatuwahesabu. Chuo Kikuu cha Muni, halmashauri za wilaya, shule za sekondari, mashirika yanayohudumia makazi ya wakimbizi ya Lobule na Rhino Camp, na mfuko wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda ambao umekuwa ukiweka maabara za kompyuta mashuleni: hawa hununua mashine mpya, tena nyingi kwa mpigo. Muuzaji huwasikiliza. Lakini soma tangazo la zabuni la kawaida. Utakuta aina ya prosesa, ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski, ukubwa wa kioo kwa inchi. Mwangaza wa kioo haumo. Tundu la chaja halimo. Vipuri havimo.

Maarifa ya kujaza mapengo hayo yapo. Huko Rhino Camp, CTEN, shirika la vijana wakimbizi wa Sudan Kusini, limeendesha vikao vya matengenezo kwa mfano wa Repair Café, harakati iliyoanzia Amsterdam mwaka 2009. Mwenye kifaa hukaa karibu na fundi, kifaa kikafunguliwa mbele ya macho yake. Kila fundi wa Arua na Koboko akiwa na daftari moja la kuandika aina ya mashine, kilichoharibika na kama kipuri kilipatikana, kamati ya ununuzi itakuwa na ushahidi ambao hakuna kipeperushi cha kampuni kitakachoutoa.

Kutoka kwenye daftari hilo, zabuni iandike wazi: laptopu ichajiwe kwa USB-C, na tundu libadilishike bila kulehemu, kioo kiwe cha niti 400, kisichong'aa, monita iwe na adapta ya nje, betri na feni vifikiwe kwa bisibisi ya kawaida, na kwa kila mashine kumi ziletwe chaja mbili za ziada. Kabla ya mkataba kutiwa saini, mleta zabuni alete sampuli, na mafundi wawili wa mjini waifungue mbele ya kamati huku saa ikihesabu. Ikishindwa, irudishwe ikiwa na sababu zilizoandikwa, ili muuzaji naye aipeleke karatasi hiyo kwa aliyemuuzia.