Nywele zetu si uchafu

Mwezi uliopita mama mmoja, dereva wa kamyo kubwa mu mine hapa Kolwezi, alikuja kuniona, mimi delege wake wa sendika. Shefu alimuandikia barua ya onyo: nywele zake ni chafu, kaske haikai vizuri, azilainishe ao anyoe. Nitasema ukweli: na mimi nilimujibu, «Mama, si unyoe tu? Zitaota tena.» Akaniangalia. «Papa delege, na wewe?»

Nilisikia haya. Nikaenda nyumbani kuuliza bibi yangu, mwenye kusuka watu kila siku.

Alinifundisha hivi. Nywele yetu inajisokota kama springi. Mafuta yenye kutoka mu ngozi ya kichwa hayashuki mpaka kwenye ncha, njo maana inakauka na kukatika upesi. Ukiiosha kila siku unaikausha zaidi. Inataka maji, mafuta, na kuchanwa pole pole ikiwa na unyevu. Mwenye nywele ya kunyooka, akikaa siku nyingi bila kuosha, mafuta yanaonekana. Basi anafikiri na sisi ni vile. Anatupima na kipimo cha kichwa chake, na sisi wenyewe tumekimeza kile kipimo.

Na ile dawa ya kulainisha? Nyingine ndani yake mna soda kostike. Mu usine, mwenye kushika soda kostike anavaa gla za mikono na miwani. Mama naye anaambiwa aipake kichwani!

Hata Ufaransa mambo haya yalifika mahakamani. Mfanyakazi mmoja wa ndege za Air France alikatazwa kusuka, ingawa wanawake waliruhusiwa. Tarehe 23 Novemba 2022, mahakama kubwa ya kule ilisema huo ni ubaguzi.

Ndugu zangu, usalama si mchezo: kaske lazima ishike. Lakini tulijaribu mbele ya shefu mwenyewe. Mama alisuka mistari ya kulala, bila kukaza sana, kwa sababu kukaza kunamaliza nywele za mbele. Akazifunga chini, kwenye shingo. Tukalegeza kidogo mukaba wa ndani ya kaske. Ikashika.

Leo mama iko kwenye kamyo yake. Lakini ile barua ingali mu dosye yake. Tunaomba itolewe.