Vipindi vya Dini Viongezwe Vingapi?

Katika mikutano ya wazazi, pindi matokeo yakishasomwa na chai ikaanza kumiminwa, hakosi kunyanyuka mzee mmoja mwenye heshima zake akanishika mkono, na kwa uchungu ambao siushuku hata kidogo akaniuliza: "Mwalimu, watoto hawa wamesomeshwa dini tangu chuoni hadi kidato cha nne, na bado wanaiba mtihani, basi vipindi viongezwe vingapi?" Kwa kuwa mzee ni mgeni wetu, nami nimelelewa kuwastahi wazee, nimezoea kumjibu kwa tabasamu na ahadi isiyo na tarehe. Swali limerudi mara nyingi mno, na leo nitalijibu bila tabasamu.

Swali hilo limejengwa juu ya dhana moja, nayo ni batili: kwamba mwanafunzi huiba kwa sababu hajui kuwa wizi ni haramu, na kwamba akiambiwa mara mia badala ya mara hamsini, ataacha. Baraza la Mitihani la Kenya lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 kwa sababu ya udanganyifu, na katika maneno yote yaliyosemwa wakati ule sikumsikia hata mmoja akijitetea kwamba hakupata kuambiwa. Alipata wapi kutoambiwa, ilhali mtoto wa kwetu huyahifadhi hayo kabla hajajua kufunga viatu vyake mwenyewe? Juu ya hivyo tukaongeza mabango ya maadili kwenye kuta, tukaongeza wahubiri wa kuja gwarideni siku ya Ijumaa kuwatisha watoto kwa moto, tukawahi hata kuwa na somo zima la Elimu ya Jamii na Maadili ndani ya mfumo wa 8-4-4, likafundishwa, likatahiniwa, likaondolewa mitaala ilipopunguzwa mwanzoni mwa karne hii. Na sijui mzazi yeyote aliyeniambia kwamba siku lilipoondoka ndipo uaminifu ulipoondoka nalo. Dawa ambayo mgonjwa amekunywa miaka yote hii asipone, tabibu mwenye akili haongezi kikombe.

Tena jambo hili lilikwisha kupimwa zamani. Katika miaka ya 1920 Wamarekani wawili, Hugh Hartshorne na Mark May, waliwachunguza watoto takriban 11,000 wa umri wa miaka 8 hadi 16, si kwa kuwauliza kama ni waaminifu, maana mwizi naye hujibu ndiyo, bali kwa kuwatega: walimpa mtoto mtihani, wakachukua karatasi yake na kuinakili kwa siri, kisha wakamrudishia aisahihishe mwenyewe akiwa na majibu mbele yake, wakalinganisha nakala na karatasi iliyorudi. Matokeo yao, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1928, yaliwahuzunisha wengi waliotaraji furaha. Kujua lipi jema na lipi ovu kulihusiana kidogo tu na kutenda, na waliohudhuria mafunzo ya dini ya Jumapili hawakuwashinda wenzao kwa kiasi cha kujivunia. Mtoto aliyedanganya darasani aliweza kuwa mwaminifu mchezoni, na kinyume chake. Lakini lilidhihiri jambo moja ambalo wauza mabango hawalitaji kamwe, nalo ni kwamba uaminifu wa mtoto ulifanana na uaminifu wa rafiki zake na wa darasa aliloketi. Kwa hiyo anayetaka kuitengeneza tabia ya mwanafunzi na asiliguse kundi lake, huyo anapaka rangi ukuta ilhali msingi unamong'onyoka.

Hapo ndipo unapoingia uchunguzi wa pamoja, ambao watu hudhani ni kuwagawa watoto mafungu na mwalimu kwenda zake kunywa chai. Hasha! Tuseme karatasi ya mtihani imepigwa picha na kuenezwa usiku wa manane kwenye simu. Kundi la wanafunzi sita halipewi hukumu. Linapewa kisa, na lenyewe huchagua swali, mathalani: aliyeiona bila kuitafuta, je, ana kosa sawa na aliyeinunua? Mmoja ataleta nia, kwa kuwa amefundishwa kuwa amali hutegemea nia. Mwenzake atamwuliza nia ilikuwa wapi mkono ulipoanza kuandika. Wa tatu, wa somo la Kikristo, atauliza jirani aliyekesha akisoma kwa haki amefanyiwa nini. Kila kauli hudaiwa burhani, na asiyekuwa nayo huirudisha. Kazi ya mwalimu ni kulinda utaratibu huo, na kuuma ulimi wake, kazi ambayo kwa mwalimu wa dini ni jihadi. Sidai kwamba mjadala huzaa malaika, kwani kufikiri vyema si kutenda vyema. Nadai tu kwamba kanuni ambayo kundi limeihoji na kuikubali, mwanakundi huona haya kuivunja mbele ya wenzake, na ile ya bangoni haina macho ya kumwonea haya.

Nao wanaohofu kwamba maswali yatawatoa watoto katika imani, niwakumbushe kwamba Jibrili alipokuja kuwafunza Masahaba dini yao alikuja kwa kuuliza, na kwamba Luka anamweleza Yesu wa miaka kumi na miwili hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza. Tuendelee.

Nafasi iliyobaki ni haba, basi kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu, utaratibu ni huu. Darasa la wanafunzi 50 ligawe makundi ya watano au sita, na usiwaache marafiki wachaguane. Katika dakika 40 toa kumi kwa kisa na kuchagua swali, ishirini kwa mjadala, zilizobaki kila mmoja aandike peke yake alichobadili na kwa nini, asiyeandika hakuwapo. Msemaji wa kundi abadilishwe kila wiki, la sivyo mmoja atasema na watano watasinzia. Fanya hivyo mara moja kwa wiki tu, vipindi vingine vitosheleze muhtasari wa mtihani, maana mtihani upo na wazazi wanautaka. Wanafunzi wa Uislamu na wa Ukristo wakutanishwe angalau mara moja kwa muhula, kwa ruhusa ya wazazi, na kwa swali la maadili, si la itikadi. Mwalimu asiyeweza kunyamaza dakika ishirini aanze na tano.

Na wewe mzee wangu, mkutano ujao ukifika, nakuomba usiniulize idadi ya vipindi. Niulize katika vile tulivyonavyo ni nani anayezungumza.